Hamsini na Nne kwa Mia

Mti wa kwanza ulitoka saa tisa usiku,
baada ya umeme kukatika mara mbili pale Upanga
na jenereta kukohoa mpaka mlinzi akaamka.
Matawi arobaini na moja. Kila ncha, jina la chupa:
J-7 ya Jangwani, V-3 ya Vingunguti,
chupa mbili za Buguruni zilizozibwa kwa nailoni
kwa sababu vifuniko viliisha.

Kwenye kila panda, namba.
Kompyuta huchota herufi za vinasaba, huzirudisha, huchota tena,
huchora mti mara mia,
kisha husema: hawa wawili
nimewaona tumbo moja mara tisini na nane.
Hapo napiga miayo, napita.

Lakini panda ile tuliyoitafuta,
panda ya kusema kipindupindu hiki
kilianzia mtaa upi,
ina hamsini na nne.

Mara arobaini na sita hawakuwa ndugu.
Walikuwa watu waliopishana kwenye ngazi.

Dakta Mfinanga anataka mti mmoja, wa kubandika ukutani.
"Sikitu, chagua tawi. Wizara haisubiri."
Nikichagua, kesho kuna mama lishe Buguruni
atakayemwagiwa sufuria la maharage
kwa ushahidi wa shilingi iliyorushwa juu.

Chaurembo, aliyeingia mtoni hadi magotini kuzijaza chupa,
alikuwa akisuuza buti zake kwenye sinki letu. Akasema, bila kugeuka:

Maji hayana mizizi, yapita kila uani,
Ya tajiri na mkwezi, hukutana mtaroni,
Leo waleta ujuzi, wauliza ni ya nani?
Uulize Msimbazi, kama utakuamini.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Tuliambiwa damu ni nzito kuliko maji.
Kule mtaroni ni kinyume.
Vijidudu havirithi kwa mzazi peke yake,
vinaazimana: jeni ya kuishinda dawa
hupitishwa juu ya ukuta kama kibakuli cha chumvi,
na kibakuli hakirudi,
na kitukuu huzaliwa nacho mkononi
akiapa kuwa ni cha babu yake.
Huyo utamchoraje?
Ni mti gani ambao tawi lake
hujipinda likaingia kwenye tawi jingine?

Hata mzizi. Kuupata ilibidi nilete mgeni,
kijidudu cha mbali kisichohusika na ugomvi wetu,
kisimame mlangoni tuone nani anakikaribia.
Nilileta wa kwanza, mzizi ukaangukia Vingunguti.
Nikaleta wa pili, ukahamia Jangwani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wangu alikuja, mwenyeji akapata homa.

Nyumbani Ilala yupo Mama Mdogo Siwatu.
Hakuna aliye hai anayejua
kama bibi alimzaa
au alipanga chumba cha uani akasahau kuhama.
Kwenye mirathi tulimwandika.
Hakimu akaomba ushahidi, kaka yangu akasema:
mheshimiwa, mtazame anavyokunja chapati,
vidole viwili, kama marehemu.
Nilikaa kimya. Nilijua
chapati hufundishika.

Adhana ya alfajiri ilinikuta nafuta ile panda.
Niliwaacha wote watano watoke nukta moja,
wamejipanga kama meno ya kitana,
hakuna mkubwa, hakuna mdogo.

"Hii ni nini?"
"Kitana, Dakta."
"Wizara haina nywele za kuchana."

Nikamwonyesha namba. Aliitazama muda mrefu,
miwani mkononi, akiipangusa kwa tai
ingawa ilikuwa safi.
Chini ya kitana nilikuwa nimeandika: hapa hatujui.
Aliazima kalamu yangu,
akaongeza: bado.

Kalamu hiyo hajairudisha.